Sifuri Nukta Nne

Ukutani kwa Outi Karppinen hakuna picha ya mama,
hakuna shahada. Kuna namba, rangi nyekundu:
sifuri nukta nne.
Ndicho kipande cha sekunde alichoachwa nacho
akiwa na miaka kumi na tisa, kilomita ya mwisho,
na msichana wa Kuopio
ambaye siku hizi anauza miwani na ameshasahau.

Outi hajasahau.
Alizipandisha darini mbao zake za kutelezea thelujini,
akafungua kampuni: watu sita, chumba kimoja
juu ya duka la baiskeli, Oulu,
programu ya kupanga njia za magari ya maziwa.
Hakutuambia tushindane. Lazima niseme kweli,
hakuwahi kusema.
Ila alipanda ngazi mbilimbili,
nasi tukaanza kupanda ngazi mbilimbili.
Alikunywa kahawa wima,
viti vya jikoni vikashika vumbi
mpaka siku moja havikuwapo,
na hakuna aliyeuliza.

Tukawa mia mbili.
Jouni akaleta ubao wa kuhesabu hitilafu,
nani katengeneza nyingi, nani chache.
Kisha ukaja ubao wa kupima mbao:
timu ipi ubao wake unasonga.
Tarmo, wa zamu ya usiku, akaanza kuficha makosa madogo
kama akiba ya kibubu,
ayavunje Ijumaa, apae.
Nilijua. Nami nilikuwa na kibubu changu.

Tuliwapita Waswidi. Tukawapita Waholanzi.
Keki ikaletwa. Outi akashika kisu, hakukata,
akauliza:
"Anayetufuata yuko umbali gani?"

Asiyekubali kushindwa si mshindani,
ndivyo inavyosemwa.
Basi yeye ni nani?
Nilimwona mara moja, Januari, saa moja asubuhi, giza tupu,
juu ya mto ulioganda, juu ya mbao zile za darini,
taa kwenye paji la uso,
anakwenda kasi, anageuka, anatazama saa,
anarudi mwanzo.
Mbele yake hapakuwa na mtu.
Nyuma yake hapakuwa na mtu.
Nusura nimwite, nimpungie tu mkono,
mtu na mtu.
Nikakumbuka Jouni hufika moja na robo.

Jana, mlangoni, binti yangu Helka
anahangaika na kiatu cha kushoto.
Mimi nimeshavaa: buti, koti, kofia.
"Nimekushinda," nikamwambia,
na wala sikuwa natania.

Akainua uso, kamba mkononi.
"Kwani tulikuwa tunashindana?"

Hakungoja jibu. Akarudi kwenye kiatu chake,
ncha ya ulimi nje,
kitanzi kimoja, kikamponyoka, akaanza tena,
taratibu,
kama mwenye nyumba wa asubuhi nzima.