Jicho Jekundu

Basi la Temuco linaondoka saa nne na robo.
Sasa ni saa nne kasoro dakika tano, na Rayén,
miaka miwili na miezi mitatu,
ameng'ang'ania mwimo wa mlango wa choo cha stendi ya Chillán
kama kupe sikioni mwa ng'ombe.
Amebanwa. Naona magoti yanavyosuguana.
"Nyumbani," ananiambia. "Kojo nyumbani."
Nyumbani ni Talca, mwendo wa saa mbili nyuma yetu,
na begini imebaki suruali moja kavu.

Simlaumu.
Mwezi uliopita, katika duka kubwa,
nilimketisha juu ya choo, miguu ikining'inia,
akainama kidogo kutazama kiatu chake,
na choo, bila kuguswa na mtu,
kikameza kila kitu chini yake: ghuuuu!
Alinirukia shingoni angali analowa,
mdomo wazi, kilio kikitafuta pumzi.
Nikamkimbiza akanawe,
na mashine ya kukaushia mikono ikamvumia usoni.

Tangu siku hiyo nimejaribu.
Nimemhonga zabibu kavu.
Nimemdanganya kwamba choo kimelala.
Nimesema "hakuna cha kuogopa",
maneno ya mtu mrefu
ambaye masikio yake hayako usawa wa tundu.

Mlangoni pana meza, na kisahani cha sarafu,
na mama anayekata karatasi vipande vinne vinne,
akivikunja kama barua.
Beji yake inasema Nolfa.
Hatoi pole, wala hacheki.
"Uko naye peke yako?"
"Mama yake anatungoja Temuco."
"Basi piteni huku kwa wanawake, chumba cha mwisho. Hakuna mtu."

Kisha anachuchumaa, magoti yanalia ko, ko,
anamsemesha Rayén, si mimi:
"Kitendawili.
Ana jicho moja, halipepesi.
Ukikaa, kimya. Ukiinuka, ananguruma."
Rayén hajibu.
Lakini kichwa kimegeuka.

Nolfa anamwonyesha: nukta nyekundu, ukutani, nyuma ya choo.
Analowesha kipande cha karatasi bombani,
anakibandika pale, pah.
"Tumemfumba. Unamwamini?"
Rayén anatikisa kichwa.
"Hata mimi simwamini. Ongeza."
Anaongeza kimoja. Anaongeza cha pili.
Anaongeza mpaka karatasi yangu yote ya pesa mia tatu
imekuwa uvimbe mweupe ukutani.

"Na yule wa upepo?" nauliza.
Nolfa anachomoa waya wake.
"Huyu ananipigia kelele mwaka wa kumi na moja huu,"
anasema, taratibu, waya ungali mkononi.
"Sijui kwa nini sikuwahi kumzima."

Tunakaa. Nimemshika kwapani,
naye ameshika masikio yangu, si yake.
Nje wanaita abiria wa Concepción.
Tunangoja.
Halafu, chururu, kauzi kembamba,
na uso wake unashangaa kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Hatukuvuta maji.
"Nimfumbue?" Nolfa aliuliza tulipofika mezani.
"Bado."
Tulipofika kwenye ngazi ya basi: "Bado!"
Basi lilipogeuka, alikuwa kasimama mlangoni pa choo,
foleni imeanza nyuma yake,
mkono juu, akingoja ruhusa.
Rayén alibandika pua kwenye kioo, akafikiri,
akainamisha kidevu, kama mwenye nyumba.

Nisiseme uongo: Los Ángeles alikataa kabisa,
na ile suruali kavu ikapata kazi yake.
Lakini Temuco, jioni, mvua ikinyesha,
mbele ya mlango mwingine, taa nyingine kali,
alitia mkono mfukoni mwa koti,
akatoa kipande cha karatasi kilichokunjwa kama barua,
akaniomba maji.