Sega

Baba alilikuta chini ya kitanda cha daraja la pili,
treni ya Kigoma, saa kumi na moja alfajiri,
pamoja na maganda ya chungwa na soksi moja ya mtoto.
Jarida. Kwenye jalada, sahani la moto
juu ya mji wa maghorofa, na watu wanakimbia
huku kofia zao, sijui kwa nini, hazidondoki.
Soksi aliipeleka ofisi ya mizigo, ikaandikiwa stakabadhi.
Jarida lilikuja nasi, kota za reli, Tabora.

Katikati, penye pini mbili, lilikunjuka
mara nne, likafika ukingo wa mkeka:
mji mzima umekatwa vyumba vya pembe sita,
na ukurasa mgumu wa kete za kukata kwa mkasi,
wageni wa kutoka juu, wekundu, arobaini na wanane;
wenyeji, wa buluu, ishirini tu.
Mama, mikono ina nta, akachungulia.
"Sega," akasema. "Ila halina asali."
Akarudi kwenye chupa zake.

Sheria hazikuwemo.
Ukurasa wa thelathini na moja ulikwisha chanwa,
nadhani ulifungia karanga Kaliua;
mtu fulani, dirishani, alilamba chumvi
juu ya kanuni za kuiteka dunia.

Tukazitunga wenyewe: mimi, dada yangu Nyanzala,
na Ntahondi wa mlango wa pili, mtoto wa Kasulu,
asiyekubali kushindwa hata kwa kupiga chafya.
Dadu hatuna. Tulirusha punje sita za mahindi
zilizochomwa upande mmoja,
tukahesabu weusi.
Ziwa la kule tukaliita Igombe. Daraja refu, Ipuli.
Jumba lenye nguzo likawa Boma,
maana kila mji una boma lake, na kila boma
lilijengwa na mtu aliyesema anapita tu.

(Hayo ni maneno ya Nyanzala. Miaka kumi na miwili,
kucha mdomoni.)

Nani awe wavamizi? Ntahondi akasema hawana mama.
Mimi nikasema hawana sura.
Nyanzala akasema, nipeni.

Hakupiga.
Jioni ya kwanza alisogeza chumba kimoja, akatua.
Ya pili, kimoja, akatua.
"Piga basi!" Ntahondi anatetemeka.
"Natafuta mzinga wenye ufa."
"Wewe ni adui!"
"Mimi nimehama. Huoni tulivyo wengi?"

Tukabuni moshi: karatasi ya fedha ya pakiti za sigara.
Moshi ukiingia chumbani, mgeni arudi hatua mbili.
Akarudi mbili. Akaja tatu, kwa mlango mwingine.
Jioni ya nne mji wote ulikuwa umejaa,
kila wa buluu ana wekundu sita ubavuni,
na hakuna aliyekufa.
"Nani kashinda?" nikauliza.
Kwa mara ya kwanza tuliutamani ule ukurasa.

Ntahondi akauinua mkeka kwa ncha.

Tuliokota hadi taa ikaisha mafuta.
Arobaini na saba.
Wa mwisho Mama alimwona kesho yake, akiwa amechelewa:
mwekundu, ndani ya chupa ya asali,
anazama polepole kama mtu anayekubali,
na chupa tayari imepita dirisha la behewa,
hela imeshikwa, treni ya Mwanza inapiga honi.

Mwenye soksi alikuja Jumanne, akatia sahihi.
Hakuulizia kingine.

Sasa ubao u kwangu, mikunjo imekuwa matundu,
Boma limeliwa na mende nusu.
Nyanzala akija na wanawe tunaukunjua.
Bado anachukua wekundu.
Mahali pa yule aliyekwenda Mwanza
anaweka punje ya mahindi, upande uliochomwa juu,
na punje hiyo ndiyo huisogeza kwanza.