Kisanduku cha Tatu

Karatasi tatu nyeupe na moja ya kijani.
Nyeupe nilizijaza upesi,
kama mtu apepetaye mtama kabla upepo haujageuka:
Wendo Chilongani, mzaliwa wa Mvumi,
cheti cha kilimo, miaka miwili Hombolo
nikipima utamu wa zabibu mashambani.
Nafasi niombayo: mpimaji wa mchuzi, zamu ya usiku.

Ya kijani ikanisimamisha.

"Ukurasa huu si lazima. Usiandike jina.
Hautafika kwa watakaokusaili.
Tunauliza ili tujue tunawaacha nani nje."

Dirishani vumbi la Kizota liligonga kioo,
likitaka kuingia. Nalo halikuulizwa kitu.

Jinsia: nikatia vema. Hilo hata gauni lilishasema.
Ulikokulia: kijijini. Vema.
Kisha: Je, una ulemavu?
Visanduku vitatu, vimepanga foleni kama ndoo kisimani:
Ndiyo. Hapana. Sipendi kusema.

Loo, hicho cha tatu!
Nimeishi humo miaka ishirini na mitatu
nisijue kwamba kina jina.

Nilikuwa na umri wa miaka sita homa iliponipitia,
ikaondoka na sikio langu la kushoto
kama mgeni aondokaye na kijiko.
Mama akawaapia majirani: "Huyu anasikia, ana maringo tu."
Maringo! Nikayavaa, yakanikaa.
Waliponiita kwa kushoto nisigeuke, walisema
binti yule, pua juu.
Afadhali pua juu.
Mwenye maringo huposwa; kiziwi huonewa huruma,
na huruma haitoi mahari.

Nimejifunza kuchagua kiti kabla ya kuchagua rafiki.
Darasani, mwisho wa benchi,
ukuta ukinilindia upande ulionyamaza.
Kanisani. Harusini. Juu ya tela la trekta.
Wakicheka nami hucheka,
nyuma yao kidogo, kama mwangwi.

Na sasa karatasi isiyo na jirani
inaniuliza taratibu,
kisha inanipa ruhusa ya kutojibu.
Waliojua hawakuuliza.
Waliouliza walishajua, walitaka tu kuniona nikisema.

Nikitia vema kwenye Ndiyo, nitakuwa nini?
Tarakimu. Moja,
katika safu ya mtu asiyenijua.
Kwetu mbuzi hahesabiwi kwa kidole.
Lakini jioni mmoja asiporudi,
nani atajua zizi limepungua?

Nikatia vema. Nilikaza mkono mno, karatasi ikatoboka.
Nikaikunja, nikaidumbukiza
kwenye kopo la maziwa lililochanwa mfuniko.
Haikutoa sauti.
Au ilitoa, upande ule.

Karani, Mbijima, alikuwa ameniita mara tatu.
"Dada Wendo, zamu yako! Au unaringa?"
Siku zote ningetabasamu, nikapita.
Na kweli nilitabasamu. Nikapita.

Chumbani walikuwa watatu,
na kiti changu kimewekwa hivi
kwamba wote watatu wangesemea kushoto kwangu.
Nikabaki nimesimama.
Kopo lile halikuwaambia; liliahidi, na likatimiza.
"Naomba nikihamishie kule," nikasema.
"Sikio hili halisikii."

Sentensi fupi.
Ilinichosha kama debe la maji kutoka bondeni.

Mwenyekiti, mama mwenye lafudhi ya Kondoa,
akaitazama kalamu yake.
Mzee wa pembeni akashika kiti upande mmoja, nami wa pili.
Hawakusema neno zuri. Hawakusema baya.
Miguu ya kiti ikakwaruza sakafu,
na mkwaruzo ule niliusikia wote.

"Haya," akasema mama, akifungua faili.
"Zabibu ya Machi na zabibu ya Agosti.
Ipi ina utamu zaidi, na kwa nini?"