Stotinka Moja

Programu yangu niliikuta sokoni, Plovdiv,
Jumapili, nyuma ya kituo cha treni,
ndani ya boksi la ndizi,
imelala kati ya michezo ya vita na kamusi ya Kijerumani.
Jina langu halikuwapo. Lake lilikuwapo,
kwa kalamu ya wino mnene: PEKARNA 3.
Leva nne.
Mimi naiuza mia moja na themanini.

Nilinunua.
Ndiyo, nilimnunua mwanangu wa kumzaa,
na kijana muuzaji, Lyuben, glavu zake zimekatwa vidole,
akanirudishia chenji, akasema,
"Chukua, mama, hii nzuri. Haidai ufunguo."

Ufunguo! Herufi kumi na sita
nilizozipanga usiku nikiwa na mimba ya Desislava,
nikitapika na kuhesabu, nikihesabu na kutapika,
kufuli nililoliona gumu kama jiwe.
Kumbe lilikuwa la biskuti.

Wateja wangu wa halali walikuwa kumi na mmoja.
Waoka mikate wa mji huu ni wengi kuliko hao:
nikipita alfajiri naona madirishani mwao
kioo cha bluu, safu zangu, menyu zangu,
na mwokaji hata salamu hana.
Nikaibeba hasira kama ndoo iliyojaa pomoni,
polepole, isimwagike njiani.

Nyumbani nikalipasua tumbo la ile programu,
baiti kwa baiti, nimtafute mwizi alipokanyaga.
Kwenye kufuli aligusa baiti mbili tu. Kazi safi, Mungu anisamehe.
Lakini nyayo hazikuishia mlangoni.
Ziliingia ndani, zikapita stoo ya unga,
zikaenda moja kwa moja hadi kwenye hesabu ya kodi.

Sasa, kila mwisho wa mwezi mzee Stamen hunipigia:
"Bi Mihovska, stotinka moja imetoroka tena."
Nami miaka mitatu namjibu:
"Tazama vizuri droo yako, Stamen."

Na pale, katikati ya namba, mstari wa maneno:
*Mwandishi, unakata sehemu mapema mno.
Usikate kwa kila mkate. Subiri jumla.*

Kahawa ikapoa.
Aliyenivunjia mlango ndiye aliyenifagilia nyumba.
Nikataka kumtukana, nikakosa pa kuanzia,
maana pembeni ya kioo, ikinikodolea macho,
ilikuwa kompaila yangu, ile inayogeuza maneno yangu kuwa kazi.
Mmiliki, yasema, ni kampuni moja ya Toronto.
Niliinakili kwa shemeji mwaka tisini na sita,
diskiti saba, ya tano ina mkwaruzo.
Nyani, wasema watu.
Sitamalizia.

Niliinunua mwezi Machi, kwa awamu.
Stakabadhi ilikuja nyepesi kama ganda la kitunguu:
kodi ya nyumba ya miezi mitano.
Zahari, mume wangu, aliisoma mara mbili,
akatoka kibarazani kuvuta sigara.
Hakuna kengele iliyolia. Kioo kilikuwa kilekile.
Ila jina la wale wa Toronto lilitoka, langu likaingia,
nikalitazama kama mtu atazamavyo kitasa kipya.

Wateja kumi na mmoja niliwapelekea toleo jipya, bure.
Stamen akapiga: "Imerudi!"
Nikamwambia, "Si mimi niliyeiona."
Akadhani natania.

Halafu nikaandika ufunguo wa kumi na mbili
nyuma ya tiketi ya basi, nikampelekea Lyuben.
"Mpe aliyeirekebisha."
"Simjui, mama. Diski huja zikitoka Sofia, kwenye mfuko."
"Basi uweke humo bokisini."
Akauweka, akiniangalia kama polisi, au kichaa.

Mpaka leo namba kumi na mbili haijasajiliwa.
Kila Januari, funguo zikiisha muda,
nawaongezea mwaka wale kumi na mmoja wanaolipa,
na yule mmoja.

Na hasira?
Ipo, nusu ndoo. Leva nne ni leva nne,
na Desislava anahitaji viatu vya theluji.
Sijaikata bado.
Nasubiri jumla.