Rangi Iliyobaki

Bango nililiandika mwenyewe, Mumo akinishikia kopo:
KOMESHENI MABOMU.
Nikalibeba Barabara ya Uhuru hadi sauti ikakauka.
Kesho nitalibeba tena.

Lakini penye ukuta wa sinagogi
Mumo akachovya brashi.
"Ndio hao hao."

Hao nani? Bwana Zelig, fundi saa wa Mtaa wa Biashara,
mzaliwa wa Pumwani kama mimi,
anayenidai mia mbili za mkanda?
Vita anavionaje, sijui.
Sijawahi kumwona akirusha bomu.

Nikakumbuka Naivasha, Januari ile, kizuizini:
mwenye panga hakuuliza kura yangu ilikwenda wapi.
Aliuliza jina la baba.

Nikamnyang'anya kopo.
Viatu vyangu bado vyekundu.
Mumo hajanisemesha tangu Jumanne.