Ramani ya Mayai

Nyuma ya stakabadhi ya korosho
(malipo ya pili bado, karatasi ina nafasi)
nachora ua wetu wa Ndanda:
tanki, banda, mkorosho wa kwanza, choo.

Mayai kumi na manne. Nimeyachemsha
na maganda ya vitunguu mpaka yakashika
rangi ileile ya udongo wa hapa.
Hapo ndipo nilipokosea:
usiku, udongoni, nani atayaona?

Basi Wiltruda apewe tochi ya simu.
Otmari, kwa kuwa ana mbio, abebe mshumaa wa mkesha;
ukizimika, arudi kwa mama yake kuuwasha.

Moja ndani ya kinu.
Mawili kwenye gambuti la babu yao.
Chini ya tanki hapana, kenge anapajua.
Moja chini ya kuku anayeatamia:
atakayethubutu kupenyeza mkono ale mawili,
ila achukue lenye rangi,
asije akatuvunjia kifaranga.

Tutaanza tukitoka kanisani, saa saba,
kabla usingizi haujawakumbuka.

La kumi na nne halina mahali kwenye ramani.
Mwaka jana Skolastika ndiye aliyelipata la mwisho,
akalila peke yake nyuma ya mlango, na chumvi,
huku sisi tukimulika mpaka darini.
Sasa yuko Newala, kwa mumewe.

Nitalitia mfukoni mwangu.
Wakiniuliza mbona hesabu haitimii,
nitasema: tafuteni,
hamjatafuta vizuri.