Daraja la Pili

Kopo limevuka kwa boti ya asubuhi kutoka Mkoani,
limezungushwa plasta, likatiwa ndani ya mfuko wa sukari,
ubavuni mwandiko wa mtu mwenye haraka:
Mize Kombo Shaame, miaka hamsini na moja, Kangagani.
Titi la kushoto. Uvimbe.

Uvimbe, basi.
Ni kama kuletewa gunia ukaambiwa "karafuu",
usiambiwe mbichi au kavu, wala makonyo mangapi yamo.

Mimi nimekulia juu ya jamvi, Mtambwe.
Nikichanganya, mama hunipiga kofi la kiganja:
hii daraja la kwanza, hii ya pili, hii mpeta, itoe.
Sikujua ananisomesha kazi ya spitali.

Naupima kwa rula: sentimita mbili na nusu.
Naupaka wino mweusi pembezoni, pande zote,
kama mtu awekaye mipaka ya kiwanja jirani hajaamka.
Kisha kisu.

Uvimbe mwema una ganda lake.
Hunenepa, husukuma walio karibu, lakini ukuta hauvunji;
ukiuchomoa hutoka mzima, kama kokwa ya zambarau.
Huu haukutoka hivyo. Ulikwaruza makali kama pera bichi,
na kingo zake zilikuwa na miguu.
Chuoni, maalim alitwambia saratani kwa Kiarabu ni kaa,
tukacheka.

Spirti usiku kucha, inayakimbiza maji. Kisha nta.
(Bwana Haji Ussi, aliyenifundisha, hupenda kutaja
kuwa zamani nyama ilisafishwa kwa mafuta ya karafuu
mpaka ikapitisha nuru.
Kila akisema, nanusa jamvi.)
Siku ya tatu naikata nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
naiacha ielee kwenye maji ya uvuguvugu,
naitia rangi: viini zambarau, vilivyobaki waridi.

Halafu naziuliza seli maswali matatu, yale yale.
Mnakumbuka bado kujenga mifereji, kama mama zenu?
Kwa kusahausahau. Mbili.
Viini vyenu vimelingana?
Vingine vikubwa, vingine vimekunjamana. Mbili.
Wangapi wenu nimewafuma wakijigawa?
Si wengi, si wachache. Mbili.
Sita. Daraja la pili.

Daraja si hatua; hata madaktari wachanga huchanganya.
Daraja ni tabia. Hatua ni umbali uliokwisha kutembewa.
Na jina halibadiliki kwa safari:
Mpemba akifungua duka Songea, ni Mpemba;
ya titi ikihamia ini, ni ya titi, itatibiwa kwa dawa ya kwao.
Majina yenyewe nayo yana hila. Limfoma, melanoma,
ukiyasikia utadhani majina ya biskuti,
kumbe ndani yake hamna upole.

Saa sita simu inalia. Mbarouk, mtoto wake.
Namba kaipataje, sijui.
"Dada, ni ule mzuri au ule mwengine?"
Nikamwambia majibu hutolewa na daktari.
Nikamwambia Alhamisi.
Alinyamaza, nikasikia jogoo wa kwao, na mtu anatwanga.

Nikarudi kwenye darubini,
kwenye mstari wa fomu ninaouacha mwisho kila mara:
Umbali kati ya seli na wino.
Nikasogeza kioo polepole, waridi, waridi, mafuta,
mpaka penye weusi.
Milimita nne.
Nikapima tena.
Nne.